Arrokoth: Gimba la Barafu Lililotafutwa kwa Kivuli Chake

Gimba la mbali kuliko yote yaliyowahi kutembelewa na chombo cha binadamu lina urefu wa kilomita 36 tu. Lingelazwa juu ya kisiwa cha Unguja, lisingefika hata nusu ya urefu wake. Linaitwa Arrokoth. Makazi yake ni nyuma ya sayari ya Neptuni, kilomita zipatazo bilioni 6.5 kutoka kwenye Jua, mahali ambapo baridi hufika nyuzi 230 chini ya sifuri. Mzunguko wake mmoja huchukua karibu miaka 300. Mara ya mwisho lilipopita pale lilipo leo, zilikuwa zama zile Wareno wanang'olewa Mombasa kwa mara ya mwisho.

Kwa nini watu watumie nusu ya maisha yao ya kazi kukifuata kitu kidogo namna hiyo? Kwa sababu udogo wake na umbali wake ndivyo vilivyokitunza. Dunia yetu ilipata kuyeyuka, ikagongwa, ikapasuka kwa volkano, ikaoshwa na mvua na bahari kwa mabilioni ya miaka, hata kumbukumbu za siku zake za mwanzo zikafutika. Mwezi umejaa makovu. Hata nyotamkia, zinazotoka huko huko kwenye baridi, zikilisogelea Jua hupata joto na kumomonyoka. Arrokoth halikupata joto wala misukosuko. Limekaa vilevile kwa takriban miaka bilioni 4.5, likiwa na habari za jinsi sayari zilivyoanza kuumbwa. Historia ya kulifikia ni historia ya watu waliovumilia, wakahesabu kwa makini, na wakashirikiana kuvuka mipaka ya nchi. Sehemu moja ya historia hiyo iliandikwa Afrika.

Nyuma ya Neptuni

Februari 1930, katika kituo cha kuangalia nyota cha Lowell mjini Flagstaff, Arizona, kijana wa miaka 24 aitwaye Clyde Tombaugh aliona nukta iliyohama kati ya picha mbili za anga zilizopigwa siku tofauti. Alikuwa ametoka shambani Kansas, hana shahada ya chuo, na kazi aliyopewa ilikuwa ya kuchosha macho: kulinganisha picha moja na nyingine, nyota kwa nyota. Nukta ile ikawa Pluto. Jina hilo lilipendekezwa na Venetia Burney, msichana wa miaka 11 wa Oxford, Uingereza.

Baada ya hapo kwa zaidi ya miaka 60 ilionekana kana kwamba familia ya Jua inaishia kwa Pluto. Lakini wapo waliokuwa na shaka. Mwaka 1943, na tena 1949, Kenneth Edgeworth wa Ireland, mhandisi wa jeshi aliyestaafu na kuipenda elimu ya nyota, aliandika kwamba huko mbali malighafi ilikuwa imetawanyika mno kuweza kukusanyika ikawa sayari kubwa. Kwa hiyo, alisema, lazima viwepo vitu vidogo vingi, na kimojawapo kikipotea njia na kuja karibu na Jua sisi hukiona kama nyotamkia. Mwaka 1951 Gerard Kuiper, Mholanzi aliyefanya kazi Marekani, naye aliandika kuhusu eneo hilo, ingawa yeye aliamini kwamba Pluto ilikwisha kuvitawanya vitu hivyo zamani. Siku zile Pluto ilidhaniwa kuwa nzito sana. Mwaka 1980 Julio Fernández wa Uruguay alionyesha kwa hesabu kwamba nyotamkia zinazorudi mara kwa mara haziwezi kuelezeka vizuri bila ukanda wa vitu vya barafu nyuma ya Neptuni. Hesabu ziliuona ukanda kabla macho hayajauona.

Macho yaliufikia mwaka 1992. David Jewitt, mzaliwa wa Uingereza, na aliyekuwa mwanafunzi wake, Jane Luu, walikuwa wametafuta kwa karibu miaka mitano. Luu alizaliwa Saigon, akaikimbia vita ya Vietnam pamoja na familia yake mwaka 1975, akafika Marekani akiwa mkimbizi. Usiku wa tarehe 30 Agosti, wakitumia darubini yenye kioo cha mita 2.2 juu ya mlima Mauna Kea huko Hawaii, waliona nukta hafifu iliyosogea polepole mno. Mwendo ule wa taratibu ulikuwa ndio ushahidi: kadiri kitu kinavyokuwa mbali na Jua, ndivyo kinavyokwenda polepole. Kilipewa alama ya 1992 QB1. Miezi michache baadaye wakapata cha pili, kisha wengine wakapata makumi, kisha mamia, na leo vinavyojulikana ni maelfu. Eneo hilo likaitwa Ukanda wa Kuiper, kwa jina la mtu ambaye hakutarajia kwamba ungekuwapo hadi leo.

Katika ukanda huo mna kundi moja linalowavutia sana wataalamu. Magimba yake huzunguka katika njia za karibu duara kamili, bila kuinama sana juu wala chini ya uwanda ambamo sayari zinazunguka. Njia tulivu namna hiyo zina maana moja: tangu yaumbwe, magimba hayo hayakusukumwa na Neptuni wala sayari nyingine yoyote. Yamebaki pale pale yalipozaliwa. Arrokoth ni mojawapo.

Chombo chaondoka bila kujua kituo cha mwisho

Tarehe 19 Januari 2006, roketi aina ya Atlas V iliruka kutoka Cape Canaveral, Florida, ikiwa imebeba chombo cha kilo 478 kiitwacho New Horizons. Hakuna chombo kilichokuwa kimewahi kuondoka duniani kwa kasi kubwa hivyo. Wanaanga wa Apollo walihitaji siku tatu kuufikia Mwezi. New Horizons kiliuvuka umbali huo kwa saa 9. Mwaka uliofuata kilipita kando ya sayari ya Mshtarii, mvutano wake ukakiongezea kasi. Kwa kuwa huko kilikokuwa kinakwenda mwanga wa Jua hautoshi kuzalisha umeme, kilibeba plutoni, ambayo joto lake hugeuzwa umeme. Kilibeba pia sehemu ndogo ya majivu ya Clyde Tombaugh, aliyefariki mwaka 1997.

Safari hiyo iliongozwa na Alan Stern wa Taasisi ya Utafiti ya Southwest, na chombo kiliundwa na kuendeshwa na maabara ya Chuo Kikuu cha Johns Hopkins iliyoko Laurel, Maryland, kwa niaba ya shirika la anga la Marekani, NASA. Miezi saba baada ya kuondoka kwake, Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikutana Prague na kuiondoa Pluto katika orodha ya sayari, ikawa sayari kibete. Chombo hakikubadili njia. Tarehe 14 Julai 2015 kilipita kilomita 12,500 kutoka Pluto, na dunia ikaona milima ya barafu na uwanda mkubwa wa nitrojeni iliyoganda.

Ila mpango tangu mwanzo ulikuwa kwamba Pluto isiwe mwisho. Chombo kilitakiwa kiende mbele, kikatembelee gimba jingine dogo katika Ukanda wa Kuiper. Tatizo ni kwamba siku kinaondoka duniani, gimba hilo halikuwa likijulikana. Hakuna aliyekuwa ameliona. Waliokirusha walikuwa na imani kwamba katika miaka tisa ya safari ya kwenda Pluto, wenzao watalipata.

Miaka mitatu ya kutafuta

Msako rasmi ulianza mwaka 2011 kwa darubini kubwa kuliko zote walizoweza kupata: Subaru huko Hawaii, yenye kioo cha mita 8.2, na zile za Magellan nchini Chile. Sehemu ya anga iliyotakiwa kupekuliwa ilikuwa mbaya kwa kazi hiyo. Chombo kilikuwa kinaelekea upande wa kundinyota la Mshale, ambako Njia Nyeupe imejaa nyota kuliko mahali pengine popote. Kila picha ilikuwa na nyota zilizosongamana, na katikati yake walitakiwa kuona kitu hafifu kuliko karibu zote, kinachosogea kidogo tu kati ya usiku mmoja na mwingine. Walipata magimba mapya kadhaa ya Ukanda wa Kuiper. Hakuna hata moja ambalo chombo kingeweza kulifikia kwa mafuta yaliyobaki.

Kufikia mwanzoni mwa 2014 muda ulikuwa unayoyoma. Ili chombo kigeuzwe kidogo baada ya Pluto, lengo lilitakiwa lijulikane mapema, na njia yake ipimwe kwa miezi mingi. Tumaini likabaki kwa darubini ya angani ya Hubble, isiyosumbuliwa na hewa ya dunia. Mwezi Juni wakapewa muda wa majaribio. Picha zilizopigwa tarehe 26 Juni 2014 ndizo zilizolibeba gimba hilo kwa mara ya kwanza. Likaandikishwa kwa alama ya 2014 MU69.

Hubble iligundua na mengine, moja likiwa angavu zaidi na pengine kubwa zaidi. Kulichagua hilo kungekuwa jambo la kuvutia, lakini lingekula mafuta mengi. Timu ikachagua lile dogo ambalo chombo kingelifikia kikiwa na akiba, na uamuzi ukatangazwa Agosti 2015. Kati ya mwishoni mwa Oktoba na mwanzoni mwa Novemba mwaka huo, injini ndogo za New Horizons ziliwashwa mara nne. Kwa chombo kinachokwenda kilomita 14 kila sekunde, msukumo ule ulikuwa mdogo sana, lakini kwa safari ya zaidi ya miaka mitatu iliyobaki ulitosha.

Kufukuza kivuli

Hapa ndipo ilipofanyika kazi iliyo bora kuliko zote katika historia hii. Hata katika picha za Hubble, gimba lile lilikuwa nukta tu. Hakuna aliyejua umbo lake, ukubwa wake hasa, wala kama limezungukwa na vumbi ambalo lingekivunja chombo. Na kosa dogo katika kuhesabu njia yake lingefanya kamera zipige picha za giza tupu.

Ipo njia ya zamani ya kupima kitu kisichoonekana. Gimba likipita mbele ya nyota, huuziba mwanga wa nyota ile, na kivuli chake hukimbia juu ya uso wa Dunia. Aliyesimama ndani ya kivuli na darubini huona nyota ikizimika kwa muda mfupi sana, kisha ikarudi. Watu wengi wakijipanga kwa mstari, kila mmoja akaandika saa halisi nyota ilipozimika kwake na ilipowaka tena, vipimo vyao vikiunganishwa hutoa umbo la kitu chenyewe. Lakini kivuli cha gimba dogo namna hii kina upana wa makumi ya kilomita tu, na kinakwenda kasi kuliko risasi. Lazima ujue mapema kitapita wapi.

Utabiri huo uliwezekana kwa sababu ya Gaia, chombo cha Ulaya kilichokuwa kinapima mahali pa nyota zaidi ya bilioni moja kwa usahihi usiowahi kupatikana kabla. Bila ramani ya Gaia, mstari wa kivuli ungekosewa kabisa. Marc Buie, aliyeongoza kazi hii, alipata nafasi tatu katika mwaka 2017.

Ya kwanza ilikuwa tarehe 3 Juni, ambapo timu zilisambazwa Argentina na Afrika Kusini zikiwa na darubini za kubebeka. Hakuna hata moja iliyoona nyota ikizimika. Ya pili ilikuwa tarehe 10 Julai, na safari hii ndege maalumu iitwayo SOFIA, iliyobeba darubini, iliruka juu ya Bahari ya Pasifiki. Ya tatu ilikuwa tarehe 17 Julai huko Patagonia, kusini mwa Argentina, karibu na mji wa Comodoro Rivadavia.

Ulikuwa msimu wa baridi, na upepo wa Patagonia hauna huruma kwa darubini. Wenyeji wakajitokeza kusaidia. Malori yaliegeshwa kuwa ukuta wa kuzuia upepo, taa zikazimwa, na barabara kuu ikafungwa kwa muda ili mwanga wa magari usiharibu vipimo. Darubini 24 zilipangwa. Tano kati yake ziliiona nyota ikizimika.

Vipimo vitano vilitosha kuleta habari ya kushangaza. Gimba halikuwa duara. Lilikuwa refu, limebana katikati, na huenda lilikuwa magimba mawili yanayogusana. Watu wa Patagonia walisaidia kulijua umbo lake mwaka mmoja na nusu kabla chombo hakijafika.

Kisha ikaja zamu ya Senegal. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Agosti 2018 kivuli kilitabiriwa kupita Afrika Magharibi na Colombia. Agosti ni mwezi wa mvua Senegal, na hatari ya mawingu ilikuwa kubwa. Wanasayansi wa Marekani na Ufaransa walishirikiana na wenzao wa Senegal, serikali ya nchi hiyo ikaunga mkono, na darubini zikasambazwa mashambani. Mmoja wa waliokuwa mstari wa mbele ni Maram Kaire, Msenegali aliyeipenda anga tangu utotoni na kuunda chama cha kueneza elimu ya astronomia nchini mwake. Mawingu yaliachia nafasi, na Senegal ikakipata kivuli. Vipimo hivyo viliongeza usahihi wa mahali gimba lilipo, miezi mitano kabla ya siku yenyewe.

Siku ya kupita

Chombo kilipokaribia kikaleta fumbo. Gimba refu linalojizungusha hutakiwa kung'aa na kufifia kwa zamu, kwa sababu mara linaonyesha ubavu mpana, mara ncha. Hili halikubadilika hata kidogo. Wiki zikapita, chombo kinakaribia, mwanga ule ule. Jibu lilipatikana picha zilipoonyesha umbo: mhimili wake ulikuwa umeelekea karibu moja kwa moja kwa chombo. Aliyelala chini ya pangaboi huona mapanga yakizunguka, lakini upana anaouona ni ule ule wakati wote. Ndivyo New Horizons kilivyolitazama gimba hilo likizunguka, mara moja kila saa 15 na dakika 55 hivi.

Kupita kwenyewe kulikuwa jambo la dakika chache. Chombo hakikuwa na namna ya kupunguza kasi wala kurudia. Ishara ya redio kutoka duniani ilihitaji zaidi ya saa sita kukifikia, kwa hiyo kila tendo lilikuwa limeandikwa na kutumwa mapema: lini kigeuke, wapi kielekeze kamera, nini kipimwe. Siku zile zile baadhi ya ofisi za serikali ya Marekani, NASA ikiwemo, zilikuwa zimefungwa kwa sababu ya mgogoro wa bajeti, lakini wahandisi wa Maryland waliendelea na zamu zao chini ya Alice Bowman, msimamizi wa uendeshaji wa chombo.

Jumanne, tarehe 1 Januari 2019, saa mbili na dakika 33 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki, New Horizons kilipita kilomita 3,538 kutoka kwenye gimba. Waliokuwa Laurel walisherehekea bila kujua kama chombo kilikuwa kizima au kimevunjika. Antena yake imefungwa mahali pamoja, na kikielekeza kamera kwenye gimba hakiwezi kuielekeza antena duniani. Habari ilifika saa kumi baadaye, kupitia antena kubwa iliyoko karibu na Madrid, Uhispania. Chombo kilikuwa kizima, na hazina yake ya kumbukumbu ilikuwa imejaa.

Miongoni mwa waliokuwapo alikuwa Brian May, mpiga gitaa wa kundi la Queen, ambaye pia ni daktari wa falsafa katika fizikia ya anga. Siku hiyo alitoa wimbo alioutungia safari hiyo, na baadaye akasaidia kutengeneza picha za gimba zinazoonyesha kina. Wasomaji wa Zanzibar watakumbuka kwamba mwimbaji wa kundi hilo hilo, Freddie Mercury, alizaliwa kwao mwaka 1946.

Walichokiona

Picha ziliwasili kidogo kidogo. Kutoka umbali ule chombo kiliweza kutuma kilobiti moja au mbili tu kwa sekunde, na mzigo wote ulikadiriwa kuchukua miezi 20. Lakini zile za kwanza zilitosha kuthibitisha walichokiona wale wa Patagonia. Arrokoth ni magimba mawili yaliyoshikana. Kubwa lina upana wa kilomita 21 hivi na dogo kilomita 15. Mwezi Februari, picha zilizopigwa chombo kikiwa kimeshapita na kugeuka kutazama nyuma ziliongeza jambo jipya: yote mawili ni bapa, hasa lile kubwa, ambalo unene wake haufiki nusu ya upana wake.

Rangi yake ni nyekundu iliyokoza. Juu yake ilikutwa methanoli iliyoganda, pamoja na mchanganyiko wa kemikali za kaboni zilizotokana na mionzi kuipiga barafu kwa mabilioni ya miaka. Mashimo ya kugongwa ni machache. Kubwa kuliko yote, lililoko kwenye gimba dogo, lina upana wa kilomita 7 hivi. Huko mbali vitu viko mbali mno kimoja na kingine, na ajali ni chache.

La maana kuliko yote lilikuwa kwenye shingo, pale magimba mawili yanapokutana. Hapana nyufa kubwa, hapana mporomoko, hapana upande uliobonyea. Magimba mawili yangegongana kwa kasi ya kawaida ya vitu vya angani, moja lingepasuka au yote mawili yangesagika. Haya yalikutana kwa mita chache kwa sekunde au pungufu, karibu na mwendo wa mtu anayetembea. Isitoshe, ubapa wa moja umelingana na ubapa wa jingine, na rangi zao zinafanana. Hayakuwa wageni waliokutana njiani. Yalizaliwa mahali pamoja, yakazungukana kwa muda mrefu, yakasogeleana polepole hadi yakagusana na kutulia.

Hilo lilikata shauri la miaka mingi. Wanasayansi walikuwa wamegawanyika kuhusu jinsi mbegu za kwanza za sayari zilivyopatikana. Upande mmoja ulisema vipande vidogo viligongana kwa nguvu, vikashikana, vikagongana tena na vikubwa zaidi. Upande wa pili ulisema kwamba katika wingu la gesi na vumbi lililolizunguka Jua changa, chembe na vikokoto vya barafu vilisukumwa na gesi hadi vikarundikana mahali pamoja, na rundo likishakuwa zito, uvutano wake wenyewe ukaliangusha ndani taratibu, likazaa magimba mengi kwa mpigo, mengine yakiwa mapacha. Matokeo yaliyochapishwa katika jarida la Science Februari 2020 yaliupa ushindi upande wa pili. Arrokoth ni shahidi wa kuumbika kwa utulivu. Na kama mbegu za sayari zilianza hivyo huko, basi kuna sababu nzuri ya kuamini kwamba safari iliyoishia kuwa Dunia, na bahari zake, na sisi wenyewe, ilianza kwa namna inayofanana.

Jina lake

Kabla ya kufikiwa, gimba lilipewa jina la muda la Ultima Thule, lililochaguliwa baada ya kura ya umma. Wengi walilalamika, kwa kuwa neno Thule liliwahi kutumiwa na watu waliopanda mbegu za Unazi Ujerumani. Tarehe 12 Novemba 2019 likatangazwa jina rasmi, Arrokoth, lenye maana ya anga katika lugha ya Wapowhatan, watu wa asili wa eneo la ghuba ya Chesapeake, ambako Hubble na New Horizons huendeshwa. Wazee wa kabila la Pamunkey waliombwa ridhaa kwanza, wakaitoa. Ilikuwa haki.

Tulichoachiwa

New Horizons bado kinasafiri, na mwaka 2024 kilikuwa kimevuka umbali mara 60 ya ule ulio kati ya Dunia na Jua. Hakuna chombo kingine kilicholitembelea gimba dogo la ukanda ule, na hadi sasa Arrokoth ndilo pekee la aina yake tulilolitazama kwa karibu.

Senegal nayo haikuishia kwenye kivuli kile. Mwaka 2021 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali sayari ndogo moja iitwe kwa jina la Maram Kaire. Mwaka 2023 nchi yake ilizindua wakala wa masuala ya anga akiwa kiongozi wake, na Agosti 2024 setilaiti yake ya kwanza ikarushwa. Hakuna anayeweza kusema usiku mmoja wa mwaka 2018 ndio ulioleta yote hayo. Lakini nchi iliyowahi kukabidhiwa kipimo kigumu hivyo, ikakifanya vizuri, haiwezi tena kuambiwa kwamba anga ni ya wengine.

Sisi wa Afrika Mashariki tuko kwenye Ikweta, na kutoka hapa karibu anga lote, la kaskazini na la kusini, huonekana katika mwaka mmoja. Vivuli vya magimba ya barafu hupita juu ya Dodoma, Nakuru na Goma kama vinavyopita Patagonia, na aghalabu hapana mtu wa kuvipima. Kinachohitajika si roketi. Ni darubini ya kubebeka, saa sahihi, mwalimu wa fizikia mwenye moyo, na vijana walio tayari kukesha. Wizara zetu za elimu, vyuo vyetu vikuu na matajiri wetu wapendao maendeleo waanze na hivyo vinne. Zikinunuliwa darubini kumi tu na kugawiwa shule zilizo mbali na taa za miji, kivuli kijacho kitakachopita kwetu kitapimwa na watoto wetu.